Homa Ilianza Lini

Kazi yangu ni kwenda kwa watu waliofiwa na kuwauliza marehemu wao alikufaje. Nikilitamka hivyo mbele ya wageni naona wanavyoweka vijiko chini, kwa hiyo siku hizi nasema tu kwamba nafanya utafiti wa afya. Wakinikazania nasema malaria, na hapo mazungumzo yanahamia kwenye mbu. Kila mtu wa Ifakara ana lake la kusema kuhusu mbu.

Kazi yenyewe haina ajabu. Huku bondeni watu wengi bado wanafia nyumbani, shambani au njiani, na hakuna daktari wa kuandika nini kimewaua. Mtafiti akitaka kujua kwa nini watoto wa upande mmoja wa mto wanakufa zaidi kuliko wa upande wa pili, hana mahali pa kusoma. Basi tunatumwa sisi wahojaji. Tunangoja matanga yaishe na watu warudi kwenye shughuli zao, halafu tunabisha hodi na kishikwambi chenye maswali: homa ilianza lini, alikohoa, alitapika, alishikwa na degedege, alipewa dawa gani, alipelekwa wapi na baada ya muda gani. Majibu yanasomwa na madaktari ambao hawajawahi kumwona marehemu, nao wanaamua ulikuwa ugonjwa gani. Yakikusanywa ya kaya nyingi ndipo inajulikana vyandarua vipelekwe wapi na dawa ziongezwe wapi. Naiamini kazi hii. Nalisema mapema kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani naichukia.

Watoto wa mtaani kwetu wananiita Dada Marehemu, wakidhani sisikii. Mama yangu mzazi aliwahi kunishauri niiache nikauze vocha.

Kwenye mafunzo tulielezwa kwamba mahojiano hufanywa faraghani, wewe na mhojiwa, basi. Tulifanya mazoezi ukumbini, chini ya feni. Mwenzangu mmoja alijifanya mfiwa, mwingine akajifanya mama mkwe, na mimi nikasema kwa sauti ya upole, "Naomba tubaki wawili tu." Yule mama mkwe wa mazoezi aliinuka haraka akaenda kunywa chai. Wote tulifaulu. Hakuna aliyetuambia unavyomwondoa mama wa watu kwenye mkeka wake mwenyewe.

Nyumba ninayotaka kuisimulia iko ng'ambo ya mto, ukishavuka daraja pale Kivukoni na kuiacha barabara kubwa. Nilifika asubuhi. Mpunga ulikuwa umeshavunwa na magunia yamepangwa barazani hadi karibu na dirisha. Mama mwenye nyumba, mtu mzima mwenye rozari shingoni, alinipokea vizuri. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, na kabla sijakaa akawa ameshauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia wazazi wangu walishuka kutoka Mahenge kabla sijazaliwa. Ikawa basi. Akanisemesha Kipogoro. Kipogoro changu ni cha kusikia tu, nikajibu kwa Kiswahili, akacheka sana, akasema mji umenipoteza na nisipoangalia nitaolewa na mtu asiyekula ugali.

Akatandika mkeka upenuni, akamwita mke wa mwanawe, kisha akakaa yeye wa kwanza na ungo wake mapajani. Mpunga hausubiri mgeni.

Huyo mke wa mwanawe ndiye niliyemfuata. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenyeji wa upande wa Malinyi, na pindo la kanga yake lilikuwa limeshikwa na msichana mdogo ambaye bado hajaanza shule. Mumewe alikuwa Mlimba, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akirudi kwa treni kila alipopata nafasi. Aliyefariki alikuwa mtoto wao wa pili, mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kukimbia.

Nikasoma maelezo ya ridhaa kwa sauti, neno kwa neno kama tulivyoagizwa. Nikafika pale panapoahidi kwamba utakayoyasema hayatasikiwa na mtu mwingine isipokuwa watafiti. Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Vizuri. Mambo ya nyumbani si ya kutangaza." Na mimi, mtu mzima mwenye cheti, nikaendelea kusoma.

Ningeweza kusema. Sentensi yenyewe ni fupi, niliifanyia mazoezi. Lakini huku kwetu mgeni akija kwa habari za msiba, mkubwa wa nyumba hukaa naye. Kumwambia aondoke ni kumwambia kwamba kuna jambo baya linakwenda kusemwa na yeye ndiye hatakiwi kulisikia. Nikaona nitamwachia yule binti kazi ya kueleza siku nzima alisema nini nyuma ya mgongo wa mama mkwe wake. Hayo ndiyo niliyojiambia pale mkekani, na hayakuwa ya uongo. Ila lililonishinda hasa ni hili. Mama yule alikuwa ameshaniita mwanangu.

Nikauliza homa ilianza lini.

"Asubuhi ile aliyofariki," binti akajibu.

Mama mkwe akadakia. "Ilikuwa ya ghafla, mwanangu. Walikuwa shambani. Kamleta kwa bodaboda, mtoto ameshageuza macho. Tukamkimbiza kituo cha afya, hatukufika. Ni mapenzi ya Mungu." Akaendelea kupepeta.

Walikuwa shambani kwa sababu ulikuwa msimu wa kuamia. Mpunga ukianza kukaza punje, ndege wanashuka makundi kwa makundi, na shamba lisipokuwa na mtu wa kupiga debe na kuwafukuza tangu alfajiri mpaka jua lizame, mwenyewe anavuna makapi. Familia zinahamia kwenye vibanda vya shambani na kukaa huko wiki nyingi, mbali na zahanati, wengine na chandarua kimoja, wengine bila. Watafiti wanalijua hilo fika, na maswali yetu mengine yametungwa kwa ajili yake. Mimi mwenyewe nililala kwenye vibanda hivyo utotoni na kuliwa na mbu hao hao.

"Alipewa dawa yoyote kabla ya kupelekwa?"

"Nilimpa panado."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni," akasema. "Asubuhi na jioni."

Mhojaji mvivu angejaza na kupita. Mimi si mvivu, na ofisini nasifiwa kwa hilo. Nikaacha kidole juu ya kioo, nikamwambia kwa ile sauti yangu ya ukumbini, "Mdogo wangu, umesema homa ilianza asubuhi ile. Hiyo jioni ni ya siku gani?"

Akanitazama. Alinitazama mimi, hakumtazama mama mkwe wake, na macho yake yalikuwa yananiomba niliache. Niliyaona. Nikaongeza, Mungu anisamehe, maneno tuliyofundishwa kumwambia mhojiwa anayesita: "Ukisema kweli utasaidia watoto wengine."

Basi akasema. Homa ilianza Jumapili. Alimpa panado ikashuka, ikapanda tena, akampa tena. Alikuwa peke yake na watoto wawili na ndege wale. Mwaka uliotangulia aliacha shamba kutwa moja kwenda msibani, ndege wakamaliza kipande kizima, na maneno aliyoambiwa juu ya kipande kile alikuwa hajayasahau. Akaona angoje Jumatano, shemeji yake aje kumpokea, ndipo amlete mtoto. Jumatano asubuhi, shemeji bado hajafika, mtoto akashikwa na degedege. Nyumbani akasema homa imeanza leo.

Ungo ulikuwa umenyamaza. Mama mkwe aliuweka chini, akakusanya punje chache zilizomwagika mkekani, akainuka na kuingia ndani. Mimi niliuliza maswali yaliyobaki. Kishikwambi hakikubali kufunga dodoso likiwa nusu, na sikujua la kufanya zaidi ya kulimaliza. Nikauliza kama nyumba ina choo. Nikauliza kama wanachemsha maji ya kunywa. Yule binti alinijibu yote, kwa adabu, huku akimsuka na kumfumua msichana wake msuko ule ule.

Ofisini msimamizi wangu aliyasoma akafurahi. "Hii ndiyo kazi," aliniambia. "Mwingine angeandika siku moja, na sisi tungeamini." Nikasema asante. Hiyo asante inaniuma mpaka leo, kwa sababu niliisema kwa moyo wote.

Habari nilizipata kwa mama anayekaanga samaki karibu na daraja, ambaye mimi ni mteja wake wa miaka mingi. Alikuwa ananifungia samaki kwenye gazeti.

"Yule uliyekwenda kumhoji karudishwa kwao Malinyi," akasema. "Wanasema kaficha ugonjwa wa mtoto mpaka mtoto kafa. Yule wa kike wamebaki naye."

Nikamwuliza wamejuaje.

Akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Si ulikuwepo?"

Nilirudi mjini na samaki wangu na sikuwala. Nilikuwa nimezoea kuhurumia watu kwenye kazi hii, lakini huruma ni kitu chepesi, unaweza kuibeba kwenye pikipiki. Hiki kilikuwa kitu kingine. Nilimwona akilini yule msichana mdogo akiwa ameshika pindo lisilo na mtu. Nilijitetea kwa kila hoja niliyoweza: kwamba siri ile haikuwa yangu, kwamba ukweli hauna kosa, kwamba aliyemfukuza si mimi. Kila hoja ilikuwa nzuri na hakuna iliyonisaidia. Yule binti alikuwa amezificha siku tatu zile peke yake kifuani, na pengine angezeeka nazo na mtoto wake wa kike pembeni. Mimi nilimfungulia mdomo kwa ujuzi, nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa mama mkwe wake.

Nikamweleza msimamizi. Si mtu mbaya. Aliuliza jambo moja tu, kama mama mkwe alikuwepo, na nilipokubali alivua miwani akaisugua muda mrefu. Akasema niandike maelezo. Akasema pia kwamba haturuhusiwi kurudi kwenye kaya kusuluhisha ndoa za watu, maana tukianza hatutamaliza, na siku moja tutaharibu zaidi. Alikuwa sahihi, na ndiyo maana nilimkasirikia wiki nzima.

Jumapili, baada ya misa, nikavuka daraja.

Msichana alikuwa amekaa barazani, nywele hazijasukwa, anachora ardhini kwa kijiti. Hakunisalimu. Bibi yake alitoka ndani, na nilishtuka kuona alivyopungua. Nikamwamkia, akaitika, lakini mkeka hakutandika.

"Umekuja kuuliza nini tena?"

"Nimekuja kukusalimu tu, mama."

Tukakaa kwenye magunia. Nilikuwa nimejipanga kwa mtu mwenye hasira, na kwa mtu wa hivyo nilikuwa na maneno ya kutosha: kwamba yule binti ni mdogo, kwamba aliogopa, kwamba mtoto bado anamhitaji mama yake. Sikupata nafasi ya kuyatumia. Akaanza yeye.

"Najua si mtu mbaya," akasema. "Sikumfukuza kwa ubaya. Siwezi kumtazama. Wewe ulipomwuliza, alisema ameambiwa maneno juu ya mpunga. Hakusema kaambiwa na nani. Alinistahi, unaona? Mbele ya mgeni akanistahi. Sasa mwanangu, nani mwingine wa kumwambia maneno ya mpunga kwenye nyumba hii?"

Akajijibu mwenyewe.

"Nilimwambia ndege wana akili kuliko yeye," akasema. "Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Kwa kipande cha mpunga. Nikimwona ananipikia, nayasikia. Nikimwona anapita, nayasikia. Bora akae kwao."

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilichokifungua kwenye ule mkeka hakikuwa siri ya mtu mmoja. Walikuwa wawili, kila mmoja amebaki na kifo kizima peke yake, na mtoto yule pale anachora ardhini. Nilitamani sana, kuliko nilivyowahi kutamani kitu kwenye kazi hii, kuwa na la kuwapa. Na nilikuwa nalo. Nilikuwa na neno la madaktari.

"Mama," nikasema, "madaktari wameyasoma majibu. Ugonjwa ulikuwa mkali mno. Hata angeletwa Jumapili ile ile, asingepona."

Hakuna daktari aliyesema hivyo. Sisi wahojaji hatuambiwi matokeo ya mtoto mmoja mmoja. Na kama ningemwuliza daktari yeyote, hata aliyeanza chuo juzi, angenijibu ninachokijua tangu shule ya msingi: malaria ya mtoto ikiwahiwa, mara nyingi sana mtoto anapona. Ndiyo maana ya kazi yetu nzima. Ndiyo maana tunauliza homa ilianza lini.

"Madaktari wamesema hivyo?"

"Wamesema."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili, mama."

Akajifunika uso kwa kanga akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, mpaka mjukuu wake akaacha kijiti akaja kumsimamia karibu. Nikamshika bega. Na nilijisikia mwema. Sitaki kulificha hilo. Nilivuka daraja kurudi mjini nikijisikia mwema kuliko siku nyingi zilizopita, na nikafikiri kuhusu msimamizi wangu na miwani yake kwa dharau kidogo.

Haukupita muda mrefu yule binti akarudi. Mumewe alishuka kutoka Mlimba, akaenda Malinyi mwenyewe kumchukua. Mama wa samaki ndiye aliyenipa habari, na nilifurahi nikanunua samaki wengi kuliko tunavyoweza kula nyumbani.

"Kumbe homa nyingine hata ukikimbia ni bure," akasema huku akiwageuza kwenye mafuta. "Yule mama anatuambia madaktari wenu wamethibitisha."

Furaha ikanitoka. Nikasema hapana, si kila homa, ilikuwa ile moja tu.

"Sawa," akasema. "Sasa sisi tutajuaje kwamba ni ile?"

Hakuwa ananitega. Alikuwa anauliza kwa sababu ana wajukuu. Nikamwambia waende tu zahanati kila mara, akasema ndiyo, ndiyo, kwa namna watu wanavyotuitikia sisi wa afya, na akamhudumia mteja mwingine.

Kuanzia hapo nilianza kuisikia sentensi yangu. Sina hakika kama ilienea kweli au masikio yangu ndiyo yaliyokuwa na homa. Mzee mmoja kwenye kaya nyingine aliniambia kwamba ya Mungu hayana dawa, akaongeza kwamba hata wataalamu wanakiri. Wazee wamesema hivyo tangu zamani, bila msaada wangu. Lakini lile la wataalamu lilinifanya nishindwe kumtazama. Kila nilipouliza walichukua muda gani kumpeleka mgonjwa, nilingoja mtu aniambie, hatukwenda, maana ninyi wenyewe mlisema. Hakuna aliyeniambia. Nikaanza kuamini kwamba sentensi ile imeishia hapo.

Machi, mvua zikiwa zimeshika, yule binti alikuja nyumbani kwangu Ifakara. Sikuwahi kumwelekeza ninapokaa, aliuliza tu alipo Dada Marehemu na watoto wakamleta hadi mlangoni. Alikuwa na msichana wake, na kiroba kidogo cha mchele kichwani, na alipokitua niliona kwamba ni mjamzito. Amenawiri. Nilimkaribisha kiti, nikaweka chai na maandazi, na nilikuwa na furaha na woga kwa pamoja.

"Nimekuletea mchele, dada," akasema. "Mama pia anakusalimu sana. Kachagua mwenyewe, kasema usipewe chenga."

Nikamwambia asingejisumbua.

"Si usumbufu. Ulinirudisha nyumbani." Akampa mtoto andazi, akangoja mpaka aanze kula. "Nilikuwa silali, dada. Kwetu kule nilikuwa nikijilaza tu namsikia marehemu analia. Mama aliponiambia ulivyosema, kwamba hata Jumapili isingesaidia, siku ile nikalala. Sasa nalala."

Nadhani nilimwongeza chai.

Akaniambia habari za nyumbani. Mumewe anataka kuacha mashine ya Mlimba akae karibu. Mama mkwe amebadilika, siku hizi anamtetea hata kwa majirani. Mpunga wa mwaka huu umekubali, na mwezi ujao watahamia shambani kuamia, yeye na mtoto, na safari hii kibanda kiko mbali zaidi kuliko kile cha zamani.

"Ndiyo nilitaka nikuulize," akasema. "Mama anasema tusihangaike kama zamani. Mtoto akichemka nikiwa kule nimpe panado, ningoje, nitazame. Kwa sababu ikiwa ni ile kali hata nikikimbia ni kazi bure, na ikiwa ni ndogo itapoa yenyewe. Kasema madaktari ndivyo walivyosema. Mimi nikaona nije kwako nisikie." Aliweka mkono juu ya tumbo, si kwa kusudi lolote, wajawazito wote hukaa hivyo. "Huyu msichana wangu akipata homa kule, ningoje?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mtoto alikuwa anakula andazi kwa kulichimba katikati na kuacha ganda. Nilitafuta jibu ambalo lingemwacha na usingizi wake na pia limwokoe huyu aliyekuwa mbele yangu na yule aliyekuwa tumboni, na nililitafuta kwa akili yangu yote, kwa ujuzi wote ninaosifiwa. Ningeweza kusema ile ilikuwa malaria ya aina yake. Ningeweza kusema siku hizi kuna dawa mpya. Lakini nilikuwa nimeshajua nini kinatokea kwa sentensi zangu zikivuka mto, na kule kibandani angekuwa peke yake tena, na ndege, na homa isiyojulikana ni ipi.

"Usingoje," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ukimgusa ukaona moto, mbebe uondoke saa hiyo hiyo. Usingoje shemeji. Uache mpunga uliwe."

"Hata kama ni ile kali?"

"Ile kali ndiyo hasa."

Alikuwa anainua kikombe, akakirudisha mezani bila kunywa. Nilimwona akifika. Hakufika mara moja, alikwenda taratibu, akazipita siku zile moja moja, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, na mimi nikiwa nimekaa mbele yake sina swali la kumwuliza.

"Basi na yeye angepona," akasema.

Sikuweza kusema ndiyo. Sikuweza kusema hapana kwa mara ya pili. Nikasema, "Pengine," na ndilo neno la kweli, mtafiti yeyote angelikubali.

Hakunilaumu. Alinishukuru kwa chai, kwa adabu ile ile aliyonijibia habari za choo na maji ya kuchemsha. Akasema wawahi kabla mvua haijaongezeka. Akamfuta mtoto makombo mdomoni, kisha akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo, akakigeuza, akamgusa kwa upande wa nyuma wa mkono, shingoni, kifuani, tena kwenye paji. Mtoto alikuwa mzima kabisa na alikuwa anataka andazi lingine. Bado alikuwa anampapasa walipotoka mlangoni.